Mpira wa Kong kwa Mbwa Anayekuganda Kama Kupe

Mpe mbwa wa aina ya Ridgeback mpira wa Kong, ule wa raba wenye uwazi ndani, uliojaa siagi ya karanga, kisha toka ufunge geti. Utapata kimya cha dakika ishirini hivi. Utamu ukiisha, mbwa ni yule yule, hajui kukaa peke yake, na sasa hana hata cha kulamba. Tunalisema mapema kwa sababu wengi huununua mpira huu wakidhani ni dawa ya upweke. Kwa kumfundisha mbwa kutulia, hatujaona chombo kinachoushinda. Lakini kumwachia mbwa mwenye hofu mpira huo ili umlee wewe ukiwa kazini ni kuupa kazi usiyoiweza.

Tumemchukua Rhodesian Ridgeback kwa makusudi. Vigezo vya aina hii ya mbwa viliandikwa Bulawayo, Zimbabwe ya leo, mwaka 1922, na watu wanamjua kama mbwa wa kuwindia simba, kwa hiyo wanaomnunua kulinda ua hutarajia jabali lisilo na moyo. Wanaletewa mbwa wa kilo 32 hadi 37, mkimya, asiyebweka ovyo, anayekaa kando na wageni na kumfuata bwana wake mpaka mlango wa choo. Ukimkemea kwa sauti kubwa hashindani nawe. Anajikunja, masikio nyuma, na kwa siku nzima anakupitia mbali. Mbwa aliyelala kwenye tandiko lake kwa kuogopa ukali anafanana sana na aliyetulia, na hapo ndipo wafundishaji wengi hudanganyika.

Mpira wenyewe ni wa raba ya asili, mwekundu, umbo lake kama mandazi matatu yaliyopandana, kubwa chini na dogo juu. Ulianza Colorado, Marekani, katika miaka ya 1970, pale Joe Markham alipomwona mbwa wake akitafuna kipande cha raba cha gari la Volkswagen badala ya mawe. Chini una tundu kubwa la kujazia. Juu una tundu dogo, na hilo si pambo: linaingiza hewa ili ulimi usinyonywe ndani ukanasa. Miigo mingi ya bei poa ina tundu moja tu. Hata ukitamani bei yake, usiununue.

Saizi ndiyo inayokosewa zaidi. Saizi L ina urefu wa sentimita 10 hivi na imekusudiwa mbwa wa kilo 13 hadi 30. XL ina karibu sentimita 13, kwa mbwa wa kilo 27 hadi 41. Ridgeback mzima ni wa XL, hata kama duka lina L peke yake. Mpira mdogo unapita nyuma ya meno na kukwama kooni. Upo pia wa rangi nyeusi, raba yake ngumu zaidi, kwa wenye mataya ya kusagia mawe. Ridgeback wengi hawauhitaji, na mbwa mwepesi wa kukata tamaa huuona mgumu mno akauacha.

Juma la kwanza usigandishe kitu. Ziba tundu dogo kwa nusu kijiko cha chai cha siagi ya karanga, tia kiganja cha chakula kikavu, na acha tundu kubwa wazi ili punje zimwagike mbwa akiugusa tu kwa pua. Ushindi wa haraka ndio unaomjenga. Juma la pili changanya chakula hicho na boga au kiazi kitamu kilichopondwa, au mtindi usio na sukari. Juma la tatu ndipo uingie kwenye friza kwa muda wa saa 4 hadi 6. Ugali unafaa ukilainishwa kwa supu isiyo na chumvi wala kitunguu mpaka uwe kama uji mzito. Ukiujaza mkavu, unashika ndani kama saruji, mbwa anahangaika, na wewe utautoa kwa kijiti. Umeme ukikatika na mchanganyiko wenye nyama ukayeyuka, usiugandishe tena.

Soma lebo ya siagi ya karanga kabla ya kufungua kopo. Kama ina E967, yaani zailitoli, usimpe kabisa: humshusha mbwa sukari ya damu kwa kasi na inaweza kumharibu ini. Kitunguu, zabibu na chokoleti navyo visiingie. Dagaa wa chumvi waloweke na kumwaga maji, au waache. Na hesabu chakula: kijiko kimoja kikubwa cha siagi ya karanga kina kalori 95 hivi, kwa hiyo kinachoingia mpirani kitoke kwenye sahani ya jioni. Ridgeback ni mlafi na mwizi wa mezani, hatakuambia ameshiba.

Sasa mafunzo. Tandika kigodoro au zulia kuukuu mahali ambapo mbwa anaweza kukuona, si kwenye njia ya watu. Zulia lina sababu nyingine: mpira huu hudunda ovyo, na ukigonga vigae au mguu wa kiti, mbwa mwoga huruka na kukataa kuugusa tena. Weka mpira juu ya tandiko, kaa chini kando yake, usimsemeshe. Akiondoka nao, urudishe tandikoni bila maneno. Siku ya tatu au ya nne, keti umbali wa mita mbili. Kisha simama, tembea hatua tatu, rudi. Baadaye gusa kitasa cha mlango, rudi ukae. Ukitaka kuuchukua kabla hajamaliza, usimnyang'anye. Dondosha vipande viwili vya nyama pembeni, chukua mpira akiwa anakula, kisha umrudishie. Anayenyang'anywa hujifunza kulinda chakula, na kwa mbwa wa kilo 35 hilo si jambo la kuchezea, hasa nyumba ikiwa na watoto.

Muda wote huo, angalia ulimi wake. Mbwa aliye shwari hulamba kwa mwendo mmoja. Akisita, akainua kichwa, akapiga miayo bila usingizi, akajilamba pua au kuhema kinywa wazi wakati hakuna joto, umekwenda mbele mno. Rudi hatua mbili nyuma. Usimwite, usimbembeleze kwa sauti ya huruma, punguza tu umbali.

Hapa ndipo watu wengi huuharibu mpira mzuri. Wanautoa asubuhi tu, wakiwa wamevaa viatu na funguo mkononi. Baada ya siku chache mbwa ameng'amua: mpira ukitoka frizani, bwana anaondoka. Siagi ile ile iliyokuwa raha inakuwa kengele ya msiba. Utakuta mpira umejaa vile vile jioni, umeyeyuka, sisimizi wameujaa. Mlafi wa kiwango cha Ridgeback akiacha chakula, usimwite mtundu wala mwenye kununa, ni hofu imemfunga tumbo. Kwa hiyo mpe mpira mara nyingi zaidi ukiwa nyumbani, saa zisizotabirika, ukiwa unapika au unasoma.

Na mazoezi ya kuachwa peke yake yafanye bila mpira kabisa. Chakula hufunika hofu, hakiiondoi. Toka mlangoni sekunde 2, rudi. Kisha 5, kisha 3, kisha 8, kisha 4. Usipande ngazi moja kwa moja, maana mbwa hugundua kwamba kila zamu ni ngumu kuliko iliyopita. Simu ya zamani yenye kamera, ikielekezwa tandikoni, itakuonyesha alichofanya ulipokuwa nje. Akifika dakika 30 akiwa amelala, una msingi. Kila mtu wa nyumbani afanye vile vile na kwa neno lile lile, pamoja na dada wa kazi na askari. Neno "tandiko" kwa mmoja na "lala" kwa mwingine humchanganya mbwa anayesoma kila kitu kwenye uso wa mtu.

Kama mbwa anatokwa udenda mpaka kifua kinalowa, anakwaruza fremu ya mlango hadi kucha zinatoka damu, au anajikojolea ndani ya nusu saa ya kuachwa, acha mpira, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Zipo dawa za hali hiyo, kama fluoksetini na klomipramini, ambazo daktari huziandika ziende sambamba na mafunzo. Na kumfungia bandani mchana kutwa mbwa wa aina hii, kisha kumfungulia usiku alinde, ni chanzo cha shida ambacho hakuna raba itakayokitibu. Anataka kuwa karibu na watu, na hata kibarazani pangemtosha.

Usafi ni kero yake kubwa. Ndani hapafikiki kwa kidole, na mabaki huota ukungu kwa siku mbili za joto la pwani. Uloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni kwa dakika kumi, sugua kwa brashi ya chupa za mtoto, suuza, simamisha tundu kubwa likiangalia chini. Kila juma ubinye kwa vidole gumba viwili. Ukiona ufa, kipande kilichong'oka, au tundu dogo limepasuka, utupe.

Bei yake ni ya kitu kilichoagizwa toka nje, na haishuki. Anayetaka kujaribu kwanza atumie taulo kuukuu: nyunyizia punje, likunje, limpe mbwa ukiwa umekaa naye. Trei ya mayai ya karatasi nayo inafaa, mradi mbwa anaichana tu na haimezi. Chupa ya plastiki hapana, ikipasuka hukata ufizi. Ukiamua kununua, chukua miwili ya XL. Mmoja huwa frizani, mwingine sinkini unangoja brashi.