Uzoefu Wangu: Kununua Mipira ya Futiboli ya Kimarekani Yenye Sahihi za Magwiji

Ninaishi Columbus, Ohio, jimbo ambalo mpira wa ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani hushonwa na ambalo magwiji wa mchezo huo huenziwa, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikusanya mipira iliyotiwa sahihi na wachezaji hao. Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu wanaoishi Marekani, ambao nimeona wameanza kuvutiwa na kazi hii, na hukumu yangu naitoa mapema: thamani yote ya mpira wa namna hii imo katika ushahidi kwamba sahihi ilitoka mkononi mwa mhusika. Kati ya huduma zote nilizozitumia, iliyostahili pesa zangu bila shaka yoyote ni ile ya sahihi iliyotiwa mbele ya shahidi.

Kabla ya sahihi, mtu autazame mpira wenyewe. Tangu mwaka 1941 mpira rasmi wa NFL, yaani hiyo ligi kuu, hutengenezwa na kampuni ya Wilson, na kiwanda chake kiko Ada, mji mdogo wa hapa Ohio, huku ngozi ya ng'ombe ikitoka kwa watengenezaji wa Horween wa Chicago. Mpira huo huitwa The Duke, kwa heshima ya Wellington Mara, mmiliki wa timu ya New York Giants. Jina hilo liliondolewa baada ya msimu wa 1969 na kurudishwa mwaka 2006. Pamoja na huo wa ngozi, ipo mipira ya bei nafuu ya ngozi bandia, na ipo ile yenye kipande kimoja cheupe laini kilichowekwa mahususi kwa ajili ya sahihi. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alinitangazia mpira wa ngozi, kisha akanitumia wa ngozi bandia. Niliutambua mara tu nilipoushika, kwa kuwa vipele vyake vilikuwa vigumu na vilivyopangika mno, na haukuwa na harufu ya ngozi hata kidogo. Niliurudisha, na fedha zangu nilirudishiwa baada ya barua nyingi. Sahihi yenyewe huenda ilikuwa ya kweli, lakini wakusanyaji hulipa kidogo sana kwa sahihi iliyo juu ya mpira wa namna hiyo, na anayeuza anapaswa kusema anauza nini.

Jambo lililonisaidia kuliko yote katika kukagua mipira ya zamani ni jina la kamishna wa ligi, ambalo hupigwa chapa juu ya mpira rasmi. Pete Rozelle aliiongoza ligi kuanzia mwaka 1960 hadi 1989, Paul Tagliabue akamfuata hadi 2006, na tangu hapo ni Roger Goodell. Walter Payton, mbeba mpira mkuu wa Chicago Bears, alifariki mwaka 1999, naye Johnny Unitas, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kutupa mpira) wa Baltimore Colts, alifariki mwaka 2002. Kwa hiyo mpira wenye chapa ya Goodell na sahihi ya mmoja wao ni wa kughushi, na hakuna haja ya mtaalamu wa miandiko kulithibitisha hilo. Hali kadhalika, kocha Vince Lombardi, aliyefariki mwaka 1970, hawezi kuwa ametia sahihi mpira wa Tagliabue. Nimeiona mipira ya aina hiyo ikiuzwa kwa maelezo matamu na picha nzuri, na kila mara nimejiuliza ni wangapi wameinunua kwa nia njema. Ieleweke pia kwamba kanuni hii hukata upande mmoja tu. Mpira wa enzi za Rozelle ambao haujatiwa sahihi bado unapatikana sokoni, na mghushi mwenye subira anaweza kuununua na kuuandika leo, kwa hiyo chapa sahihi peke yake haithibitishi chochote.

Hapo ndipo zinapoingia kampuni za kuthibitisha sahihi, na zinazokubalika zaidi miongoni mwa wakusanyaji ni PSA, JSA na Beckett. Huduma zao ni za namna mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Namna ya kwanza ni maoni ya mtaalamu: unapeleka mpira, mchunguzi analinganisha mwandiko na mifano mingine ya mchezaji yule, kisha anatoa cheti na stika yenye namba. Hayo ni maoni ya mtu anayejua kazi yake, lakini hakuwapo sahihi ilipotiwa. Namna ya pili ni ya kushuhudia, ambapo mwakilishi wa kampuni hukaa kando ya mchezaji, akamwona akiandika, na stika ikabandikwa pale pale. Ukiiandika namba ya stika kwenye tovuti ya kampuni, unapata maelezo ya kitu chenyewe, na baadhi ya stika hueleza wazi kwamba sahihi ilishuhudiwa. Mimi nalipa ziada kwa ajili ya neno hilo kila ninapoweza.

Cheti kinachotolewa na muuzaji mwenyewe, bila mtu mwingine nyuma yake, sikipi uzito wowote. Mwishoni mwa miaka ya 1990, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kupitia ofisi yake ya San Diego iliendesha uchunguzi ulioitwa Operation Bullpen, ukafichua mtandao uliokuwa ukighushi sahihi za wanamichezo na watu mashuhuri kwa wingi wa kutisha, na bidhaa hizo ziliuzwa zikiwa na vyeti vinavyodai kuwa ni halisi. Karatasi yenye mapambo ya dhahabu huchapishwa kwa dakika chache, na mnunuzi anayeridhika nayo amekubali neno la mtu anayetaka kumuuzia.

Sasa nieleze huduma niliyoitumia zaidi, yaani kikao cha sahihi kinachopokea vitu kwa njia ya posta. Kampuni hutangaza kwamba mchezaji fulani ataketi kutia sahihi tarehe fulani, nawe unapeleka mpira wako pamoja na fomu inayoeleza sahihi iwekwe upande gani, kwa kalamu ya rangi gani, na kama unataka maneno ya ziada. Gharama ya mpira huwa juu kuliko ya kadi au picha, na maneno ya ziada hulipiwa peke yake. Wakusanyaji wengi huomba mwaka ambao mchezaji aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa Canton, hapa Ohio, ambako magwiji wa futiboli huenziwa, kwa mfano mwaka 1971 kwa mbeba mpira Jim Brown au 2000 kwa kwotabeki Joe Montana. Kwa Archie Griffin, fahari ya mji huu wetu wa Columbus na mchezaji pekee aliyewahi kutwaa mara mbili tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo vikuu, mwaka 1974 na 1975, miaka hiyo miwili ndiyo inayostahili kuandikwa chini ya jina. Kusubiri huwa ni kwa miezi, na asiye na uvumilivu ataumia.

Nimeridhika na huduma hiyo kwa sehemu kubwa, ila kampuni moja iliniudhi sana. Ili kupunguza gharama ya kusafirisha, iliutoa mpira upepo baada ya kutiwa sahihi kwa wino wa fedha, ikaukunja na kuutia katika boksi dogo. Nilipoujaza tena, wino ulikuwa umepasuka katika herufi tatu, na hakuna awezaye kuurekebisha. Tangu siku hiyo naandika kwenye fomu, kwa herufi kubwa, kwamba mpira urudishwe ukiwa na upepo, na ndivyo nitakavyomshauri kila mtu afanye, hata kama posta itamgharimu zaidi.

Kuhusu rangi, napendelea ngozi ya kahawia yenye wino wa fedha kuliko kipande cheupe, ingawa najua wengi hawakubaliani nami. Kipande cheupe huonyesha sahihi vizuri ukiwa mbali, lakini wino wa kalamu nyeusi juu yake huweza kufifia au kutanuka kadiri miaka inavyopita, hasa mpira ukikaa karibu na dirisha. Wino wa fedha juu ya ngozi halisi, ukiachwa ukauke vema, hukaa imara. Mipira yote naiweka ndani ya makasha ya plastiki angavu yenye kinga ya mwanga wa jua, na upepo wake naupunguza chini ya kiwango cha mechi, ambacho ni pauni 12.5 hadi 13.5 kwa inchi mraba, ili mishono isikazwe bure.

Mpira nisioweza kuuza kwa bei yoyote ni wa Christian Okoye. Hakuingizwa Canton, na bei yake sokoni haiwezi kulinganishwa na ya Montana au ya mdakaji Jerry Rice, lakini Okoye alitoka Nigeria akaja California kama mrusha kisahani, akajifunza futiboli akiwa mtu mzima, kisha mwaka 1989, akiichezea Kansas City Chiefs, akaongoza ligi nzima kwa kukimbia na mpira yadi 1,480. Kwa Mwafrika anayekusanya vitu hivi, sahihi yake ina uzito ambao orodha za bei haziwezi kuupima, na nashangaa jinsi wakusanyaji wenzangu kutoka Afrika wanavyoipita.

Mipira ya marehemu nainunua kwa tahadhari zaidi. Jim Brown alicheza misimu 9 tu, akaongoza ligi kwa yadi za kukimbia katika 8, na alipofariki mwezi Mei 2023 kila sahihi yake iliyoshuhudiwa ikawa haina mwenza mpya atakayeongezwa. Msiba wa gwiji huwaamsha waghushi pamoja na wanunuzi, kwa hiyo katika miezi inayofuata sinunui kitu kisicho na stika iliyotolewa mchezaji mwenyewe angali hai.

Kwa anayeanza, ushauri wangu wa mwisho ni wa kumbukumbu. Kila mpira nimeupiga picha pande zote nne, nikahifadhi risiti, namba ya stika na nakala ya fomu ya kikao, kisha nikampa mke wangu orodha hiyo na nyingine nikaipeleka kwa kampuni ya bima, kwa sababu bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi huweka kikomo kidogo kwa vitu vya kukusanywa, na bila karatasi hizo mpira wa Jim Brown huhesabiwa kuwa ni mpira wa ngozi tu.