Taa kongwe za rezini zenye majani ndani: ipi ununue kwanza

Taa hizi za rezini, yaani utomvu wa kiwandani unaomiminwa ukiwa majimaji ukaganda kama kioo, zilivuma Ulaya miaka ya 1960 na 1970, na Mji Mkongwe huonekana mojamoja kwenye maduka ya antiki. Rangi isikupumbaze. Kabla ya kuuliza bei, ipindue uone waya unapita wapi.

Nambari moja ni taa kongwe yenye bomba la chuma katikati. Fundi atachomoa waya wa zamani na kupitisha mpya, na lazima afanye hivyo: mpira wa waya wa miaka 50 huweza kukatika ukikunjwa. Weka waya laini wa milimita za mraba 0.75, holda mpya, na plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3. Kitako kikiwa cha chuma, waya uwe wa nyuzi tatu, ule wa ethi (ardhi) ufungwe hapo. Taa ya Marekani ni ya volti 120. Usiichomeke hata kwa kujaribu kabla globu haijabadilishwa, maana umeme wetu ni volti 230.

Kisha mulika ubavuni kwa tochi ya simu. Mng'ao wa fedha kuzunguka jani maana yake rezini imeachana nalo, mara nyingi kwa sababu jani lilikuwa na unyevu lilipomiminiwa. Hilo halitibiki. Kangaga la kweli hufifia likawa kahawia; lililo kijani kibichi baada ya nusu karne huenda limetiwa rangi, au ni plastiki. Umanjano wa juu huondoka kwa msasa wa maji namba 800, 1500, kisha 2000, na polishi. Uliozama ndani, zoea kuishi nao.

Ya pili ni taa mpya ya epoksi, aina ya rezini ya kuchanganya sehemu mbili, yenye karafuu au mwani. Bonyeza kwa ukucha: ikinata au ikiacha alama, haikuganda sawasawa, huenda vipimo vya mchanganyiko vilikosewa. Epoksi nyingi hulainika kwenye joto la nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, basi tumia LED ya wati 4 hadi 6, isigusane na rezini.

Ya tatu, kongwe yenye nyufa kama nywele karibu na holda. Mara nyingi zimeletwa na joto la globu za wati 60. Ichukue kwa bei ya pambo tu.

Iliyomiminiwa rezini juu ya waya wenyewe, iache dukani, hata ikiwa nzuri vipi. Waya ule haubadilishiki.

Nyumbani, iweke mbali na dirisha la jua, uifute kwa maji ya sabuni. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, huitia ukungu.