The Band's Visit: Israeli bila vita, na bado inakosa kitu

Kama Waisraeli unawajua kupitia Fauda tu, ile tamthilia yao ya makomandoo, basi utadhani kila mwanaume kule ni komandoo mwenye kipara ambaye hajawahi hata kulipa bili ya umeme. Filamu zao zinazovuma nje nyingi ni za jeshi. Waltz with Bashir (2008), Lebanon (2009) iliyobeba Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, Foxtrot (2017), zote kali sibishi, ila ukizimaliza kichwani unabaki na askari anayeweweseka usingizini. Na hata filamu hizo nyumbani hazipendwi na wote, aliyekuwa waziri wa utamaduni wa Israeli Miri Regev aliiponda Foxtrot kwamba inalichafua jeshi, tena akakiri hajaiona, haya. Ukikimbilia tamthilia ya Shtisel unakuta ndevu na kofia nyeusi za Wayahudi wa dini kali wa Jerusalem. Sasa wale wa kawaida wako wapi?

Wako humu, kwenye The Band's Visit, filamu ya Eran Kolirin ya 2007. Bendi ya polisi kutoka Alexandria, Misri, imealikwa kupiga muziki Israeli, wanapanda basi silo wanashukia kamji ka jangwani hakana hoteli hakana chochote na basi lingine ni mpaka kesho. Dina mwenye mgahawa (Ronit Elkabetz, yule mama alikuwa anajua jamani) anawatafutia pa kulala na usiku mzima ni watu waliochoshwa na maisha yao wanaongea Kiingereza cha kuungaunga. Mume na mke wamenuniana mezani mbele ya wageni, jamaa mmoja anakesha kwenye simu ya umma akisubiri demu wake apige, na kuna dogo hajui hata kumshika msichana bega mpaka Mmisri amwelekeze kwa vitendo, hapo nilicheka mpaka basi. Oscar waliikataa kwenye filamu za kigeni eti Kiingereza kimezidi, wakati hicho Kiingereza kibovu ndo utamu wenyewe!

Inaenda taratibu, mwenye haraka atasinzia. Kinachonikera zaidi ni kwamba Wapalestina hawamo kabisa, mgeni akiangalia hii peke yake atajua Waisraeli ni watu wapweke wakarimu, kwisha. Kwa hiyo ifuatishe na Ajami (2009), ya mitaani Jaffa, Scandar Copti ambaye ni Mpalestina raia wa Israeli aliiongoza pamoja na Yaron Shani ambaye ni Myahudi. Ilipoingia Oscar kama filamu ya Israeli, Copti alisema wazi yeye haiwakilishi nchi isiyomwakilisha.