Udzungwa kwa miguu: kama unapanga kwenda kuona wanyama msituni soma hii kwanza

Nimerudi wiki iliyopita kutoka Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, nimekaa siku mbili pale Mang'ula, na naandika hii kwasababu nshasikia watu wengi wanasema kule hamna wanyama. Wapo jamani, tena karibu kabisa, ila ule ni msitu wa mvua sio mbuga ya wazi kama Mikumi, hakuna barabara ya gari ndani ya hifadhi, unatembea mwanzo mwisho, na miti imefunga juu mpaka saa tano asubuhi chini bado kuna kagiza.

Kiukweli kitu unacholipia pale ni muongozaji. Wetu alikuwa kijana wa hapohapo, nampa tano kwa tano. Hatujafika mbali akatusimamisha akasema msitafute kwa macho, sikilizeni kwanza. Tukakaa kimya weee, hamna kitu, alafu tukaanza kusikia vitu vinadondoka kwenye majani makavu, tap, tap. Akasema juu kuna anayekula. Kuinua macho, mbega wekundu, familia nzima! Mama mmoja ana mtoto kifuani, zile nywele nyekundu za kichwani kama kavaa kofia, anavuta tawi kwa vidole vinne anachagua majani machanga tu, yaliyokomaa anayaachia (mbega hana kidole gumba cha maana, hii nimeijulia palepale). Huyu mbega duniani anapatikana kwenye misitu ya ukanda ule tu, na sisi tumesimama chini yake karibu nusu saa wala hakukimbia.

Siku ya pili tukawafuata ngolaga, aina ya kima anayeitwa pia mangabe wa Sanje. Wanasayansi wamemjua 1979 tu wakati wenyeji jina lake wanalo. Kuna kundi limezoeshwa watu, lakini usidhani unalikuta getini, tulipanda mteremko karibu masaa mawili, siafu wameingia mpaka kwenye suruali, ndo tukasikia dume analia, sauti nzito ile unaisikia kifuani. Tukawakuta chini wanapekua majani kama kuku, mashavu yamevimba kwa chakula walichokitunza humo. Mdogo mmoja akakaa mbele yangu, kope zake nyeupe, akanitazama kidogo akaendelea kutafuna. Nilisahau hata kupiga picha.

Maporomoko ya Sanje nayo ni mazuri mno, mita 170, ukifika juu unaona mashamba ya miwa ya Kilombero yote yametandazwa chini. Ila kwenye njia ya huko kulikuwa na kundi la watu limekuja na spika ya muziki na hatukuona hata kima mmoja njia nzima. Naombeni sana, muziki acheni nyumbani, mnyama wa msituni anakusikia mapema kuliko wewe unavyomuona.

Kilichoniudhi ni nyumba ya wageni tuliyolala. Tumekubaliana chai saa kumi na mbili asubuhi, imeletwa saa mbili na nusu, na asubuhi mapema ndo wanyama wanakula, kwahiyo siku ya kwanza tulipoteza muda mzuri kuliko wote. Nunua mkate na ndizi jioni, usimtegemee mtu.

Viatu viwe na meno, suruali ndefu uchomekee ndani ya soksi, koti la mvua hata kama jua linawaka, na darubini kama unaweza kuazima. Malipo ni kwa simu au kadi, usiende na keshi. Basi za Ifakara zinapita hapohapo, na treni ya TAZARA ina stesheni Mang'ula. Machi mpaka Mei njia zinateleza vibaya, mimi nisingeenda na watoto.

Sange, yule mnyama mdogo kama panya mwenye pua ndefu, nilimuona pua na mkia tu akikatiza njia, sikumpata vizuri. Mwezi wa nane narudi, na yule kijana nshamwambia atupeleke yeye.