Ekari Mbili za Kujilisha: Kaunti Gani Kwanza?

Kama unatafuta shamba la kula hapa Kenya, si la kuuza tena, bei iache kando kwanza. Uliza maji. Nenda Februari, kiangazi kikiwa kimekolea, umuulize jirani wala si broka: "Saa hii mnateka wapi?" Akinyoosha kidole bondeni kule mbali, umeshajibiwa.

1. Trans Nzoia. Pesa zangu ningeziweka hapa. Kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani mvua inatosha na udongo unalipa. Mahindi hupandwa Machi au Aprili, yakavunwa kuanzia Oktoba. Kwa makadirio ya gunia moja la kilo 90 kwa mtu kwa mwaka, ekari moja iliyotunzwa italisha nyumba nzima. Ya pili ni ya ng'ombe, maharagwe na sukuma wiki. Kasoro yake ni kwamba msimu mkuu wa mahindi ni mmoja. Ukichelewa kupanda, utanunua unga hadi mwaka ujao. Tena baadhi ya mashamba yalinunuliwa zamani na makampuni ya wakulima, na wapo wenye cheti cha hisa tu. Cheti hicho si hati miliki, hata kikiwa na mihuri mitatu.

2. Nyandarua. Viazi, kabichi, karoti na maziwa hutakosa. Kinangop ni baridi: mahindi hukawia kukomaa, na sakitu ya usiku mmoja huweza kubabua viazi vyote. Mla ugali ajipange.

3. Kwale, upande wa Shimba Hills. Minazi, maembe, korosho, na mihogo inayostahimili kiangazi. Ndovu wapo. Kubwa zaidi ni umiliki: migogoro ya ardhi Pwani ni ya miaka mingi, kwa hiyo jua nani analima hapo sasa na tangu lini.

4. Laikipia. Matangazo huipenda kwa sababu Mlima Kenya unaonekana dirishani. Lakini mlima huohuo huzuia mvua. Piga hesabu ya paa: mabati ya mita 100 za mraba, mvua ya milimita 600, unapata lita 60,000 kwa mwaka kabla ya hasara, yaani kama lita 160 kwa siku. Hiyo ni nyumba na ng'ombe mmoja, bustani usiitaje.

5. Kajiado. Ploti za futi hamsini kwa mia ni za kujenga. Maji ya visima vingine yana floridi inayotia meno madoa. Yapimwe kabla hujalipa.

Popote utakapochagua, fanya upekuzi rasmi wa hati, mwenzi wa muuzaji aridhie kwa maandishi, kisha iombwe idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini hiyo, sheria huyahesabu mauzo ya shamba la kilimo kuwa batili, na kulipa hadi shilingi ya mwisho si kinga ya uhakika.