SUMO kwenye makutano yetu: inafaa, ila mipangilio ya awali haimjui bodaboda

Programu yoyote ya kuiga magari hupendeza kwenye barabara iliyonyooka. Mtihani ni gari linalosubiri kukata kulia. Kwetu tunaoendesha kushoto, dereva huyo anavuka njia ya wanaotoka mbele, huku bodaboda zikimpita pande zote mbili na bajaji imeshachomekea mbele ya bampa. SUMO, programu huria inayotengenezwa na DLR, kituo cha utafiti wa anga cha Ujerumani, inaweza kuiga hali hiyo bila kulipia leseni. Ikiachwa ilivyo, hata hivyo, inakupa makutano ambayo kila mtu ameshika leni yake.

Unapoingiza ramani huria ya OpenStreetMap, anza na --lefthand kwenye netconvert, zana ya SUMO inayogeuza ramani kuwa mtandao wa barabara. Ukisahau, kukata kulia kunakuwa mteremko na wa kushoto ndio wanaovuka wenzao. Kisha fungua netedit, kihariri cha mtandao huo, ukague muunganiko wa kila leni, maana pale ramani isipokuwa na mishale ya leni, netconvert hukisia tu.

Kazi kubwa ni upana. Kwa kawaida leni moja hubeba chombo kimoja kwa upana, kwa hiyo pikipiki inatulia nyuma ya lori kama imefungwa kamba. Weka --lateral-resolution 0.4, na leni ya mita 3.2 itagawanyika vipande 8. Bajaji mpe aina yake: urefu mita 2.6, upana 1.3. Pikipiki mpe upana 0.8 na latAlignment="arbitrary" (akae popote kwenye leni), minGap (nafasi ya mbele, kwa mita) ishuke kutoka 2.5 hadi 0.5 au 1, na minGapLat (nafasi ya pembeni) kutoka 0.6 hadi 0.2 au 0.3. Wapandishe lcPushy, yaani utayari wa kubanana pembeni, kidogo, nao wataanza kujipenyeza hadi mbele ya mstari wa taa. Hatua ya muda, yaani kila baada ya muda gani programu inakokotoa upya, pia ishushwe kutoka sekunde 1 hadi 0.2 au 0.1. Wengi hukwama hapa: wanampa bodaboda tau (muda anaouacha nyuma ya aliye mbele) ya sekunde 0.5 na kuacha hatua ya sekunde 1, halafu wanashangaa magari yanagongana. Tau isiwe ndogo kuliko hatua ya muda.

Kupisha kunaongozwa na vigezo vinavyoanza na jm, na humu ndimo SUMO inapostahili sifa. jmTimegapMinor, ambayo huanza na sekunde 1, ndiyo nafasi ya chini anayoikubali anayekata mbele ya mwenye haki ya njia. Ishushe kwa pikipiki na daladala, lakini kwa kufuata video ya makutano yenyewe. Pima nafasi walizozikubali na walizozikataa pia, kwa sababu ukipima zilizokubaliwa peke yake hutajua mpaka uko wapi. jmIgnoreFoeProb huruhusu kuingia bila kupisha, ila haifanyi kitu mpaka uweke na jmIgnoreFoeSpeed, mwendo wa juu wa chombo kinachoweza kupuuzwa. Mwendo huo uwe mdogo, kwa kuwa hata dereva mkorofi huchomekea mbele ya gari linalotambaa, si basi linalokuja kasi. Makutano ya SUMO hubaki wazi kwa adabu ambayo jioni haipo. Weka keepClear="false" kwenye miunganiko inayozibwa, uone foleni ya kukata kulia inavyowafungia hata wanaokwenda moja kwa moja.

Udhaifu upo, na si mdogo. Ndani ya makutano kila chombo hufuata mkondo uliochorwa. Kinaweza kusogea pembeni kidogo, lakini hakikati kona kwa mshazari kama bodaboda halisi. Anayekwepa taa kwa kupitia kituo cha mafuta inabidi umchoree kijinjia cha pikipiki peke yake. Kikomo cha mwendo wa kona kinatokana na mchapuko wa pembeni wa 5.5 m/s² kwa wote: kwenye kona ya nusu kipenyo mita 10 hiyo ni karibu kilomita 27 kwa saa, na lori la kontena linaruhusiwa sawa na gari dogo. Ukishusha junctions.limit-turn-speed hadi 2.5, inakuwa kilomita 18. Tela kukanyaga kona ya ndani halihesabiwi kabisa. Migongano ndani ya makutano nayo haikaguliwi mpaka uwashe --collision.check-junctions.

Hatari kuliko zote ni gari kuyeyuka. Likisimama sekunde 300, SUMO hulingʼoa na kulipandikiza mbele, foleni inapungua, na ripoti inapendeza. Soma maonyo yote: ukiona "yield" (gari limekwama likipisha) kwa wanaokata kulia, vigezo vyako vya kupisha ni vikali mno. Zima uyeyukaji huo kwa --time-to-teleport -1 wakati wa kusahihisha.

PTV Vissim, programu nyingine ya kuiga magari, ina chaguo la kupitana ndani ya leni moja na la foleni kujipanga mshazari, na matayarisho yake ni mepesi zaidi, ila leseni inalipiwa. Ofisi yenye mtu anayejua Python haina sababu ya kuikimbilia. Kupitia TraCI, njia ya kuiamuru SUMO kwa Python wakati inaendelea kuiga, unaweza hata kumwiga trafiki anayeacha upande mmoja upite dakika kadhaa bila kujali taa. Daladala linaloshusha abiria mara tu baada ya kona liwekee busStop ndani ya leni, si pembeni, kwa sababu foleni ya kona nyingi huanzia kwenye mkia wake.