Semina ya uongozi shirikishi kwa shule za msingi, Dodoma: tathmini

Semina hii ya siku mbili, iliyoandaliwa jijini Dodoma kwa walimu wakuu na wajumbe wa kamati za shule, inastahili ada yake, ingawa si kila sehemu ina uzito sawa. Nadharia za asubuhi ya kwanza zilisomwa tu kutoka kwenye slaidi. Thamani ya semina ilijitokeza katika zoezi la bajeti: kila kundi lilipewa shule ya kubuni, likakokotoa ruzuku ya uendeshaji (fedha za serikali za kuendesha shule) kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kisha likatakiwa kukubaliana kuhusu matumizi, mzazi akiwa na sauti sawa na ya mwalimu mkuu. Hapo ndipo wajumbe kadhaa walipokiri kwamba huitwa vikaoni kutia saini tu maamuzi yaliyokwisha kufanyika. Baraza la wanafunzi lilitajwa kwa dakika chache, na huo, kwa maoni yangu, ni upungufu mkubwa. Chakula kilikuwa kizuri. Mwalimu mkuu ambaye hajazoea kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo angefaidika zaidi akihudhuria pamoja na mwenyekiti wa kamati yake, kwa kuwa mpango kazi wa siku ya pili huandaliwa na wote wawili.